Maswali na majibu: Ijaribu kwadi kwa mzigo wako kabla hujalipa

Maswali mengi yanayonifikia siku hizi ni ya watu wanaotaka kununua kwadi, yaani pikipiki ya matairi manne. Wamo wakulima, wafugaji na wenye biashara ya utalii. Wengi wameshachagua rangi na ukubwa wa injini, ila kuipanda bado. Nimechagua maswali saba. Msimamo wangu ni kwamba mashine hii hainunuliwi kwa macho. Ipande, ibebeshe mzigo wako, ipeleke kwenye ardhi inayofanana na yako, halafu ifanyie hivyohivyo ile unayoilinganisha nayo.

Nina shamba la parachichi lenye miteremko. Nimeona kwadi mbili Dar es Salaam, lakini muuzaji ananiruhusu kuzunguka uani kwake tu. Inatosha? — Mkulima, Njombe

Haitoshi, ndugu yangu. Uani kwa muuzaji ni zege tupu, na juu ya zege kila mashine ni nzuri. Mwombe uitoe nje, hata kama ni kwa kulipia mafuta na kijana wake wa kukusindikiza. Kuelekea Pugu na Kisarawe kuna vilima na njia za udongo. Akikataa katakata, tafuta mtu mwenye mashine ya aina ileile huko huko Nyanda za Juu, umwombe aje nayo shambani kwako nusu siku. Mtu anayeitumia kila siku atakwambia pia mambo ambayo muuzaji hawezi kuyajua.

Siku ya kujaribu, fika mapema, na kabla mashine haijawashwa sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ina joto, kuna mtu amekwisha kuiwasha. Subiri ipoe, au urudi kesho. Injini yenye tatizo la kuwaka hujificha ikiwa ya moto.

Kisha pakia. Usiijaribu tupu, kwa sababu hutaifanyisha kazi ikiwa tupu. Chukua viroba vya mchanga vyenye uzito wa kreti zako na uvifunge kwenye rafu. Karibu na rafu kuna stika inayotaja kilo zinazoruhusiwa, na mara nyingi rafu ya mbele hubeba nusu tu ya kile kinachobebwa na ya nyuma. Kama una tela, lifunge pia.

Sasa tafuta mteremko. Weka gia nzito, yaani ya chini kabisa, toa kidole kwenye mafuta, vidole viwe tayari kwenye breki lakini usizikamate. Injini yenyewe inatakiwa kuishika mashine ishuke taratibu. Ikianza kukimbia peke yake huku ina mzigo, hiyo si mashine ya Njombe hata ipunguzwe bei kiasi gani. Simama katikati ya mlima, zima, washa, ondoka tena. Rudi kinyumenyume. Kata kona mpaka mwisho, kulia na kushoto, ukiangalia kama mkono wa nje bado unaufikia usukani bila mwili kujikunja.

Kukatisha mlima kwa ubavu ndiko kunakotaka tahadhari kubwa, kwa hiyo anza na mwinamo mdogo kabisa. Hapo ndipo utazijua hizo mbili tofauti yake, hasa kama ekseli zake za nyuma hazifanani. Ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja hutingisha mgongo, ila kwa kawaida mwili wa mashine haulali sana. Ile ambayo kila gurudumu la nyuma hucheza kivyake ni laini na tumbo lake liko juu zaidi ya mawe, lakini huelekea kulalia upande wa bondeni. Kwa mtu wa tambarare ningesema chukua ile laini. Kwa mashamba ya mlimani, mimi hupendelea ekseli moja.

Jambo linalosahaulika karibu kila mara ni upepo wa matairi. Gari dogo hujazwa PSI 30 na ushei; kwadi nyingi hutaka kati ya 5 na 7 tu, kadiri stika yake inavyosema. Kipimo cha kawaida cha kituo cha mafuta hakisomi sawasawa huko chini, hivyo nunua kipimo cha upepo mdogo uende nacho. Bila hivyo utalinganisha matairi ukidhani unalinganisha mashine: moja itarukaruka kwa sababu imejazwa kupita kiasi, na wewe utailaumu shokapu.

Njia iwe ileile, mzigo uleule, dereva yuleyule, siku ileile. Na kama atakayeiendesha ni kijana wako wa shamba, basi na yeye aipande, tena kwa muda mrefu. Mafuta ya kwadi husukumwa kwa kidole gumba, na baada ya nusu saa springi ngumu hukichosha kidole. Mzunguko wa dakika tatu haukuonyeshi hilo.

Nataka kuanza kutembeza wageni. Kuna mwenzangu anafunga biashara na anauza kwadi zake sita. Nikague nini? — Paje, Unguja

Anza na chujio la hewa. Fungua kiti, fungua boksi lake, litoe chujio. Halafu pitisha kidole safi ndani ya bomba linalotoka kwenye boksi kwenda injini, yaani upande ambao hewa imekwisha kuchujwa. Kidole kikitoka na vumbi au punje za mchanga, injini hiyo imekuwa ikila mchanga, na pete na silinda zimesagika hata kama leo inaunguruma vizuri. Mimi kwa kwadi za ufukweni ningefanya ukaguzi huu kabla ya kuzungumza bei hata ya mashine moja.

Kisha chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Uliza kama iliwahi kuendeshwa ndani ya bahari, na usitegemee jibu peke yake: lala chini uangalie boliti za chini ya fremu, mapaipu ya breki na viunganishi vya nyaya. Chumvi huanza kula sehemu ambazo mpira wa kuoshea haufiki. Kwenye nyaya utaona unga wa kijani.

Inua kila gurudumu kwa jeki. Lishike juu na chini, litikise. Likicheza, beringi au bolijointi imekwisha. Mipira inayofunika jointi za ekseli ikaguliwe mmoja mmoja, maana ukichanika mchanga huingia, na ukikata kona unasikia mlio wa ka-ka-ka. Rejeta nayo imulike kwa tochi uone kama matundu yamezibwa na tope lililokauka.

Kama ina mita ya saa na mita ya kilomita, gawanya. Kilomita 4,800 kwa saa 240 ni wastani wa kilomita 20 kwa saa, matumizi ya kawaida. Kilomita hizohizo kwa saa 600 ni wastani wa 8. Hiyo imekaa muda mrefu ikiunguruma bila kwenda, wageni wakipiga picha, na injini ilikuwa ikichakaa huku kilomita haziongezeki. Ukilinganisha kilomita pekee, utaziona hizo mbili ni sawa.

Na usikubali kununua sita kwa bei ya jumla kabla hujazipanda zote sita.

Mkanda au gia? Kila mtu ananiambia lake. — Mfugaji, Laikipia

Zote zinafanya kazi, mzee wangu. Swali ni unakwenda mwendo gani na umbali gani kutoka kwa fundi.

Ya mkanda, yaani ambayo mkanda wa mpira ndio unaopitisha nguvu ya injini kwenda magurudumu, hubadili nguvu yenyewe. Wewe unasukuma mafuta tu. Mchungaji anayesimama kila dakika kumtazama ng'ombe ataipenda. Adui wa mkanda ni joto na maji. Ukipanda polepole na mzigo ukiwa gia nyepesi, ile ya mwendo wa kasi, mkanda unateleza na kuungua. Katika majaribio, panda mlima mrefu ukiwa gia nzito, simama juu, nusa. Harufu ya mpira ulioungua ni onyo. Waulize pia wakuonyeshe mkanda wa akiba, uushike mkononi, ujue bei yake na unapatikana Nanyuki au mpaka Nairobi.

Ya gia, kama Honda Rancher za kubadili kwa mguu, haina mkanda wa kukatika na haina klachi ya mkono. Ni ngumu kidogo kuzoea, ila injini hushika vizuri kwenye mteremko. Yamaha nao wamefanikiwa kutengeneza mfumo wa mkanda unaoshika injini wakati wa kushuka, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mikanda yote inaachia. Kwa mtu aliye mbali na mji, mimi ningechukua gia.

Kiti cha kwadi ni kirefu. Naweza kumpakia mwanangu wa miaka kumi nyuma tukienda shambani? — Mama, Kitale

Hapana, mama, tafadhali usifanye hivyo. Kiti ni kirefu ili dereva asogee mbele anapopanda mlima, arudi nyuma anaposhuka, na aegemee upande anapokata kona. Uzito wa dereva ni sehemu ya usukani. Ukimweka mtu nyuma, umejinyima nafasi hiyo, na mashine inaweza kuinuka mbele au kulala ubavu.

Kwadi za kazi nyingi zina kilo 250 hadi zaidi ya 350. Ikipinduka huja juu ya aliyeiendesha, na wengi wanaofariki hubanwa kifua wakashindwa kupumua, hata pale ambapo mwendo ulikuwa mdogo. Australia, baada ya vifo vingi mashambani, imelazimisha tangu Oktoba 2021 kwamba kila kwadi mpya ya kazi iuzwe ikiwa na kinga ya kumlinda dereva mashine ikipinduka. Baadhi ya kampuni kubwa ziliacha kuziuza huko badala ya kuiweka. Unapolinganisha mashine, ulizia kinga hiyo na uiingize kwenye hesabu yako, pamoja na helmeti.

Zipo kwadi zilizotengenezwa kwa watu wawili, na stika yake husema hivyo wazi. Lakini kwa mama mwenye mtoto, jaribu zile ndogo za kukaa ubavu kwa ubavu, zenye usukani wa duara, mikanda na fremu juu ya kichwa, kama Kawasaki Mule. Ni ghali zaidi. Hata humo, mtoto awe na kimo cha kukanyaga sakafu huku mgongo wake umegusa kiti na mkanda umembana sawasawa. Na mtoto asiiendeshe kwadi ya mtu mzima. Marekani, onyo lililobandikwa kwenye kwadi za watu wazima huwakataza walio chini ya miaka 16.

Hapa Muscat tunapanda kwadi kwenye mchanga wa Bausher. Nataka kununua Yamaha YFZ450R nimpelekee baba Pemba aitumie kwenye shamba la karafuu. — Muscat

Nia yako ni njema, lakini baba hataweza kuitumia. YFZ450R ni ya mbio: haina rafu, haina gia ya kurudi nyuma, na nguvu huenda magurudumu ya nyuma tu kwa mnyororo. Kwenye matuta ya Bausher inapaa. Kwenye tope jekundu la Pemba, katikati ya mikarafuu, na gunia hana pa kulifunga, atateseka. Huko huko Muscat waombe wauzaji wakupe kwadi ya kazi yenye kuendesha magurudumu manne, uipande siku moja na hiyo unayoipenda. Na ujaribu kupanda na kushuka kwa miguu ya mzee: paja linapita wapi, kiti kiko juu kiasi gani.

Ya Kichina mpya au ya Kijapani mtumba? Bei zimelingana. — Morogoro

Kwanza ulizia spea. Andika vitu vitano: chujio la hewa, mkanda, pedi za breki, beringi za magurudumu, mipira ya ekseli. Yapigie simu maduka mawili, uone vinapatikana kwa siku ngapi. Mashine itakayokosa vitatu kati ya hivyo iache, iwe imetoka nchi gani. Kampuni kama CFMoto sasa zinauza dunia nzima na zina vitabu vya ufundi. Ile isiyo na jina wala namba za spea itakuwa chuma chakavu siku jointi moja itakapovunjika. Ya Kijapani nayo ikipita ukaguzi niliompa msomaji wa Paje, ichukue.

Ila kama njia yako ni tambarare na mzigo ni wa magunia, jaribu guta la injini, yaani pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kabla ya zote. Linabeba zaidi, na fundi wake hayuko mbali.

Muuzaji anataka niweke amana kabla ya kuijaribu. Nikubali? — Kisumu

Kubali, si jambo baya. Mtu anakukabidhi mali ya thamani kubwa. Ila iwe kwa maandishi: kiasi gani, utarudishiwa lini usipoinunua, na nani atalipa kitu kikivunjika kwa uchakavu wake chenyewe, si kwa kuangushwa. Piga picha pande zote nne na mita kabla ya kuondoka. Risiti iandikwe namba ya chasisi, kisha uinamie fremu uisome mwenyewe ile iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usitoe hela.