Ndege ikigonga kitu karibu na uwanja, kosa ni la rubani tu?

Si lake peke yake, lakini hakwepi. Umeuliza kwa nini rubani alaumiwe wakati nguzo au jengo limewekwa na wengine. Tazama kisa cha Old Bar, New South Wales, Australia, tarehe 1 Oktoba 2011. Gurudumu kubwa la kubeba watu, lile la kwenye maonyesho, lilisimikwa karibu na mwisho wa kiwanja kidogo cha ndege. Ndege ndogo ikaghairi kutua, ikajaribu kupaa tena, ikalivaa na kunasa humo, watoto wawili wakiwa juu. Hakuna aliyekufa, sijui niite bahati au nini. Kesi ziliendelea mahakamani miaka mingi baadaye.

Aliyeruhusu gurudumu lile pale ana maswali ya kujibu, tena mazito. Ila kanuni za kimataifa za urukaji zinamtaka rubani ajue habari zote zinazopatikana kuhusu safari yake kabla ya kuondoka, na uamuzi wa mwisho ndani ya ndege ni wake. Viwanja vidogo vingi havina mnara wa kuongozea, kwa hiyo hakuna wa kumwonya. Anapaswa kuwapigia simu wenye kiwanja, kuzunguka juu kwanza, na kuamua mapema akifika wapi ataghairi. Ukichelewa kughairi, ndege ndogo haina nguvu ya kupanda upesi, hasa ikiwa na mzigo siku ya joto.

Nyaya za umeme ndizo mbaya zaidi: ukiwa angani hazionekani kwa urahisi. Tafuta nguzo zinazozibeba.