Chujio la petroli linapogoma kufunguka ndani ya boti

Ninaishi Minnesota, jimbo la Marekani ambako mwaka 1922 kijana Ralph Samuelson alijifunga mbao mbili miguuni akavutwa na boti juu ya Ziwa Pepin. Boti yangu ya kuvuta watelezaji wa majini ni ya zamani, na injini yake ya petroli yenye silinda 8 na kabureta imekaa katikati, chini ya sanduku linalofunuliwa. Kila Oktoba, kabla maziwa hayajaganda, hubadilisha chujio linalotenganisha maji na petroli, kwa kuwa maji yakibaki humo wakati wa baridi kali yanaweza kuganda na kulipasua. Ni kazi ya dakika 20. Mwaka juzi ilinila siku nzima pamoja na ngozi ya vidole viwili, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu mwenyewe.

Chujio hili ni mkebe wa chuma unaoning'inia mdomo juu, umekazwa kwa nyuzi kwenye kichwa cha alumini kilichofungwa ubavuni mwa injini. Ukilitazama kwa chini, hulegea kwa kuzungushwa kinyume na mwendo wa saa. Lakini katika boti kama hii hulitazami kwa chini: unalala kifudifudi juu ya injini, unachungulia kutoka juu, na kwa jicho la juu mwelekeo wa kulegeza unageuka ukawa ule ule wa mishale ya saa. Mimi nilizungusha nilivyozoea kwenye magari. Kwa nusu saa nzima, nikiwa na spana ya mkanda na jasho jingi, nilikuwa nikilikaza chujio ambalo kutu na gasketi iliyokauka vilikuwa tayari vimelishikilia.

Nilipogundua kosa, mkebe ulikuwa umebonyea na mkanda unateleza. Niliufunga kipande cha msasa, upande wenye chenga ukielekea kwenye mkebe, na mkanda ukashika kidogo, ingawa haukutosha. Hapo ndipo linapokuja wazo la gereji, la kulitoboa chujio kwa bisibisi na kulizungusha kama usukani. Kwa chujio la oili, sawa. Kwa la petroli ndani ya boti, usithubutu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutuama ngamani, yaani kule chini kabisa yanakojikusanya maji, ukingoja cheche moja tu. Mimi hufunua sanduku, huwasha feni ya kutoa mvuke kwa dakika 4 au zaidi, kisha ndipo huchomoa kebo hasi ya betri, na baada ya hapo sigusi swichi yoyote.

Kilichoniokoa ni kuacha kupigana na mkebe mahali ulipo. Nilitandika matambara, nikafungua mipira miwili ya kupitishia petroli kwa spana mbili, moja ikishikilia kiungo ili kisijipinde, nikaziba ncha zake, halafu nikatoa boliti mbili zinazoshika kichwa. Chujio zima nililitoa nje likiwa limejaa, nikalimimina kwenye chupa ya kioo mbali na moto, nikakibana kichwa kwenye jiriwa kwa vipande vya mbao ili alumini isikwaruzwe. Kwa spana ya kikombe inayovaa kitako cha mkebe, lilitoa mlio mkavu na kuachia. Ningeanza na njia hii ningepata muda wa kula mchana.

Chujio likishatoka, usikimbilie jipya. Hakikisha nipeli ya katikati, yaani kijibomba chenye nyuzi ambacho chujio hukazwa juu yake, haikutoka nalo, na pitisha kidole mdomoni mwa kichwa: gasketi yangu ya zamani ilikuwa imebaki pale, nyeusi, imelala kama sehemu ya alumini yenyewe. Ukikaza jipya juu yake, gasketi zinakuwa mbili na petroli itavuja. Gasketi mpya ipake oili kidogo, kaza kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza kiasi kilichoandikwa kwenye mkebe. Nunua chujio la boti, la chuma. Yale ya plastiki ya magari hayahimili moto. Ukisharudisha kila kitu, washa feni tena, kisha injini huku sanduku likiwa wazi, na ufute kila kiungo kwa tambara kavu kutafuta unyevu.

Chupa ile niliiacha itulie. Petroli ya hapa kwa kawaida huwa na ethanoli ya hadi asilimia 10, ambayo hunyonya unyevu, na chini ya chupa kulikuwa na maji ya kimo cha kidole kimoja. Tangu siku hiyo kuna mshale mweupe wa rangi juu ya kichwa cha chujio, unaoelekea upande wa kulegeza.