Unataka kuandika historia ya kwenu? Anza na penseli

Juzi kijana mmoja wa Muheza kaniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kuandika historia ya kwetu kama wewe. Nianzie wapi?" Marahaba, mwanangu. Najua mko wengi wenye hamu hiyo, basi nakujibu hadharani.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Pangani. Kila baraza niliyokaa, wazee walinisimulia Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, akanyongwa nao hapohapo mjini Desemba 1889, na kila mzee alikuwa na Abushiri wake. Nikaenda Dar es Salaam, Nyaraka za Taifa, kunakotunzwa majalada ya Wajerumani ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Jalada la kwanza sikuambulia neno: Kijerumani cha mkono, herufi zimelala kama majani ya mpunga baada ya mvua. Nikajifunza herufi mojamoja. Leo wenye shahada zao wananiletea niwasomee, tena kwa kubembeleza.

Nimesema penseli, kwa sababu wino ukidondoka kwenye jalada umewaharibia wote. Na kabla hujanakili chochote, andika namba ya jalada. Bila namba, huna ushahidi.

Nyaraka zimo majumbani pia: barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, mikataba ya mashamba ya minazi, picha. Usizipige lamineshen wala kuzibandika selotepu, gundi inakula karatasi. Toa pini zenye kutu, weka mbali na ukuta wenye unyevu. Majina ya waliomo pichani yaandike nyuma kwa penseli laini, bibi angali hai wa kukutajia.

Sasa linaloniuma. Msomi mmoja mgeni nilimkaribisha kwangu, nikampa madaftari, nikamtembeza kwa wazee mpaka Mkwaja. Kitabu kikatoka, mimi ni "mwenyeji mmoja". Wazee wangu ndiyo hawamo kabisa!

Vijana, acheni haya. Kabla ya kutoa daftari andikishaneni: jina lako litajwe, na la mzee litajwe. Bakiza nakala. Na acheni uvivu wa kunakili mitandaoni; historia inataka makalio yakae kitini na miguu iende vijijini. Andikishaneni, narudia.

Nasikia kile kitabu kinachapwa upya. Nimewaandikia wachapishaji, na nitawaandikia tena.