Jibu: ĩ na ũ zilizoharibika baada ya kuhamia Koha

Ndugu, unasema majina ya Kikuyu kwenye katalogi yako yamegeuka takataka baada ya kuhamia Koha, programu ya maktaba. Usiyachape upya. Inaelekea mfumo wa zamani ulitoa rekodi kwa MARC-8, usimbaji wa zamani wa herufi za rekodi za maktaba, ambamo alama (kama kiwimbi cha ĩ) hutangulia herufi yake. Kwa UTF-8, usimbaji wa kisasa ambao Koha hutumia, alama hiyo haiji mbele ya herufi kamwe. Usibadilishe tu nafasi ya 09 ya kichwa cha rekodi, inayotaja usimbaji, kuwa "a" (yaani Unicode): huko ni kubandika lebo mpya kwenye chupa ileile, na Koha itaiamini.

Rudi kwenye faili la awali, ligeuze kwa MarcEdit, programu ya kuhariri rekodi za maktaba, liwe UTF-8, kisha pakia rekodi 50 za majaribio, zenye ĩ na ũ za kutosha. Kagua pia 952$p, sehemu ya msimbopau wa kila nakala: msimbopau ukijirudia, nakala ya pili haitaingia. Kuhamisha taarifa za uchapishaji kutoka uga wa zamani 260 kwenda uga mpya 264 kunaweza kusubiri, hakuna msomaji atakayelalamika.