Utafiti wangu ni wa siri: niandike nini kwenye maombi ya masomo?

Swali: Jambo Docta. Niko hapa Goma. Miaka miwili sasa ninafanya kazi kwenye utafiti wa dawa ambao matokeo yake hayajachapishwa, na nilisaini mkataba wa kutunza siri. Ninaomba nafasi ya uzamili wa afya ya umma huko Ubelgiji. Nikinyamaza wataona sikufanya kitu, nikisema naogopa kuvunja mkataba. Nifanyeje?

Jibu: Mdogo wangu, kwanza utafute huo mkataba uusome tena, kipengele kwa kipengele. Wengi huusaini siku ya kwanza ya kazi na hawaufungui tena. Kwa kawaida hulinda wagonjwa, matokeo ambayo hayajatoka, na kile ambacho mdhamini anataka kukiombea hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Mara nyingi pia hukubali kwamba jambo lililokwisha kuwekwa hadharani si siri tena. Anzia hapo.

Majaribio ya dawa na chanjo husajiliwa kabla mshiriki wa kwanza hajaingizwa. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yanadai hivyo ili kukubali makala. Fungua rejista ya Marekani mtandaoni, ClinicalTrials.gov, au rejista ya Afrika, PACTR, utafute utafiti wenu. Utakuta jina lake, mdhamini, mahali, lengo na idadi ya washiriki wanaotarajiwa. Sisi wa Goma tunao mfano wa karibu: chanjo ya pili ya Ebola, ile ya Johnson & Johnson, iliyoanza kutolewa hapa Novemba 2019. Kwamba ni dozi mbili zinazopishana siku 56, lilijulikana wazi kazi ikiendelea. Aliyekuwa kwenye timu ile angeweza kuliandika bila hofu. Wangapi walipata homa baada ya dozi ya kwanza, hilo angelinyamazia mpaka lichapishwe.

Sasa nikuambie jambo ninalolisisitiza kwa kila kijana anayeniletea barua yake ya maombi. Wanaoisoma wanakupima wewe, dawa haiwahusu. Kwa hiyo sentensi kama «tulithibitisha kwamba dawa inapunguza vifo» inakuponza bure, na haiwaambii lolote juu yako. Andika hivi: «Nilieleza utafiti kwa familia kwa Kiswahili na kupokea ridhaa zao, nilihakiki fomu za wagonjwa, nilifuatilia joto la friji ya sampuli, nilituma ripoti za madhara makubwa ndani ya saa 24.» Kisha eleza tatizo moja ulilokutana nalo na jinsi ulivyolitatua. Mama aliyekataa kusaini mpaka mume wake arudi kutoka machimboni, ulimjibu nini? Jibu lako hapo linaonyesha kama unaelewa maadili ya utafiti, na hakuna mdhamini atakayelalamika.

Lakini mama huyo asitambulike. Watu hudhani kufuta jina kunatosha. Ukiandika «muuguzi mjamzito wa Kamituga aliyelazwa na mpox mwezi Januari», Kamituga nzima itamjua. Ondoa mji, mwezi na kazi yake; acha tu kile kinachobeba hoja. Sheria yetu ya jinai inaadhibu anayefichua siri aliyoipata kwa kazi yake, na barua ya maombi haina msamaha wa pekee.

Ukishaandika aya yako, mtumie mtafiti mkuu kwa barua pepe. Usimwulize «naweza kutaja kazi yetu?», maana atajibu kwa jumla na hutajua mpaka uko wapi. Mpe aya yenyewe, aisahihishe, na utunze jibu lake. Mwombe ruhusa pia kabla ya kutaja makala inayoandaliwa, na usitaje jarida ambalo halijaikubali. Atakayekuandikia barua ya kukupendekeza naye amefungwa na usiri uleule, hivyo mpe aya iliyokubaliwa ili barua zenu zisipishane.

Usiambatanishe jedwali, picha ya maabara wala fomu tupu ya utafiti kama ushahidi.

Kwenye mahojiano, wakikuuliza matokeo, sema moja kwa moja: «Hayajachapishwa, siruhusiwi kuyataja, naweza kueleza jinsi tulivyokusanya takwimu na kwa nini tulichagua njia hiyo.» Halafu eleza kweli, kwa undani. Jizoeze jibu hilo kwa Kifaransa na kwa Kiingereza kabla ya siku yenyewe.