Muulize Ami: Kwani Mombasa hatuna misimu?

*Asalaam aleikum Ami. Mimi niko Kisauni, fleti ya gorofa ya tatu, nina watoto wawili, miaka 9 na 6. Sasa huyu mkubwa kwenye tableti yake anasoma mambo ya winta na springi, majani yanageuka mekundu yanaanguka, theluji, halafu ananiuliza mama, mbona sisi hatuna? Nikamwambia sisi tuna joto na mvua basi, na roho ikaniuma manake najua nyanya yangu angemjibu vizuri. Sina shamba wala bustani. Nianzie wapi? – Mama Watoto, Kisauni*

Waaleikum salaam mwanangu. Hapo kwa nyanya yako pamenigusa, manake wale wazee walikuwa wanatoka mlangoni alfajiri, wanausikia upepo shavuni, wanajua tuko wapi kwenye mwaka.

Misimu tunayo tena mingi, na yote inafuata upepo. Disemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, joto linazidi mpaka hio Machi ndo usiku hulali. Aprili upepo unageuka, inaingia kusi, upepo wa kutoka kusini, na masika yake, Mei ndo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa, halafu kipupwe, ule ubaridi wa Julai na Agosti wa kutafuta shuka alfajiri. Kusi ikichoka yanakuja maleleji, upepo hauna mwelekeo, na vuli inanyesha. Na mwambie mtoto sababu, miaka 9 anaelewa: bara la Asia likipata joto hewa yake inapanda juu, inavuta hewa kutoka huku kusini, ndo kusi hio, na likipoa linaisukuma hewa ije kwetu, ndo kaskazi. Yaani ile winta ya kwenye tableti ndo inayotuletea kaskazi. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja nayo kaskazi yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko, walikuwa hawana injini wale, walikuwa na subira ya msimu.

Pia muulize mbona Ramadhani mwaka mwingine inaangukia joto na mwaka mwingine mvua. Mwaka wa mwezi ni mfupi kama siku 11 kuliko wa jua, kwahio unazunguka misimu yote. Ndo sababu wavuvi na wakulima wa pwani walikuwa na hesabu nyingine, ya Nairuzi, mwaka wa kufuata jua, siku zinahesabiwa kwa makumi, kila kumi ni mwongo. Mzee yeyote wa bahari ukimkuta muulize habari ya miongo, muulize sahi, usingoje.

Sasa kuhusu kuanza, mimi ningeanza na mti mmoja tu, na mti wenyewe ni mkungu. Hamkosi mkungu mtaani, ule wenye matawi yamelala kama sinia juu ya sinia, watu wanapumzika chini yake. Huo unageuza majani mekundu kama ya kwenye tableti! Haungoji baridi, unayapukutisha kiangazi kikikaza, sio yote siku moja, leo tawi hili kesho lile. Mwache mtoto aokote jani moja, aone lilivyo jekundu pyu katikati na bado pembeni kuna kijani kidogo, alibandike kwenye daftari aandike tarehe na upepo ulikuwa unatoka wapi. Wiki zikipita ataona machipukizi, baadaye kungu, matunda yake hayo, avunje na jiwe ale ile mbegu. Mwaka mzima mti huo huo mmoja.

Na kwasababu uko gorofani, panda kule juu mnakoanika nguo, simamisha kijiti, angalieni kivuli saa sita na kitu hivi mchana. Juni kinalala upande wa kusini, Disemba kimehamia kaskazini, na mara mbili kwa mwaka, kwenye tarehe 10 Machi hivi na mwanzo wa Oktoba, kivuli karibu kipotee kabisa manake jua liko utosini.

Siku ya bamvua, yaani maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wapeleke ufukweni. Hapa kwetu maji ya bamvua yanakuwa yametoka kabisa kama saa nne saa tano asubuhi, tena Jumamosi ikiangukia hapo ni bahati. Wavae viatu, kuna miiba. Wataona kiti cha pweza, yule wa umbo la nyota, kaa, matumbawe, na jiwe lolote wakilifunua walirudishe vile lilivyokuwa, tafadhali, chini yake ndo nyumbani kwa mtu. Na kwenye tope za Junda kuanzia Agosti kuna vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, wanakimbia wakidona, wengine wametoka Siberia huko. Aprili wanarudi kuzaa. Huyo mdogo wa miaka 6 kazi yake iwe kuwahesabu.

*Ami, kila siku napanda feri, ile mibuyu ya pale bustani ya Mama Ngina kuna wakati haina hata jani, inakufa? – Kijana wa Likoni*

Haifi kijana wangu. Kiangazi mbuyu unaangusha majani usipoteze maji, ule unene wote ni akiba ya maji. Mvua zikija utaona unachipua tena. Lakini mimi nakuomba kitu kimoja, vuli ikikaribia, siku moja ukishuka feri usikimbilie matatu, kaa pale wakati wa magharibi uangalie juu. Ua la mbuyu linafunguka kukiingia giza, jeupe, kubwa kama kiganja, limening'inia kichwa chini, harufu yake sio nzuri sana lakini popo wanaipenda na wao ndo wanaobeba chavua. Ni usiku mmoja tu. Asubuhi yake ukipita utaliokota chini, limeshageuka rangi ya kahawia.