Namba ya mchakato ikipata mwenyewe mpya

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasimamia seva ya Linux ya duka la jumla hapa Tanga. Skripti moja huwasha programu ya kuchapa risiti, kisha huandika namba ya mchakato wake, yaani namba ambayo Linux huipa kila programu inayoendelea kukimbia, kwenye faili. Usiku skripti nyingine husoma namba hiyo na kuizima programu kwa amri ya kill. Juzi programu ya risiti ilijifia yenyewe jioni, na usiku amri ikaenda kukata kazi ya kunakili data ikiwa nusu njia. Tumeingiliwa na virusi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Virusi havimo. Kill ilitii ulichoiambia: zima namba fulani. Haina kawaida ya kuuliza namba hiyo sasa ni ya nani.

Linux hugawa namba kwa kupanda. Huyu akipata 4120, anayefuata hupata 4121. Kikomo cha asili ni 32768. Kikifikiwa, keneli, yaani kiini cha Linux, hurudi chini, karibu na 300, na kuanza kuokota zilizo wazi. Unadhani elfu thelathini na ushee ni nyingi? Kila amri ndogo kama ls au grep ndani ya skripti zako hula namba yake, na hata nyuzi (kazi ndogo zinazokwenda sambamba) za programu kubwa huchota kapu hilohilo. Skripti inayoita amri moja tu kila sekunde humaliza mzunguko mzima kabla siku haijaisha.

Kuna jambo la kuchekesha hapa. Mchakato ukifa, namba yake haiachiliwi mpaka mzazi wake, yaani mchakato uliouwasha, apokee taarifa ya kifo. Asipoipokea, maiti hubaki kwenye orodha kama zombi, na namba haigawiwi kwa mwingine. Zombi watu huwalaani, lakini wako angekuokoa! Bahati mbaya skripti iliyoiwasha programu ilishamaliza kazi zamani, yatima akalelewa na mchakato namba 1, ambao huzika wafu wake bila kuchelewa.

Utashauriwa upandishe kikomo. Kisome kwanza kwenye /proc/sys/kernel/pid_max. Seva nyingi za biti 64 zenye toleo jipya la systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux, tayari ziko 4194304. Kupandisha kunapunguza nafasi ya ajali tu. Hata OpenBSD, mfumo mwingine wa kompyuta unaogawa namba kwa kubahatisha, hatimaye huzirudia.

Mimi ningelifuta faili hilo. Iandikie programu ya risiti huduma ya systemd, uizime kwa systemctl stop. Systemd ndiyo mzazi, inajua mtoto yupi yu hai. Ukilazimika kubaki na faili, andika pia muda mchakato ulipoanza, safu ya 22 ya /proc/NAMBA/stat, ulinganishe kabla ya kuzima. Bado kuna upenyo mdogo kati ya kulinganisha na kuzima. Wanaoandika programu kwa lugha ya C wana pidfd_open tangu Linux 5.3 ya 2019: unaushika mchakato wenyewe ungali hai, na ukifa, amri yako hurudi na kosa bila kumgusa jirani.